Stockfish kwenye laptop ya GB 4: uzoefu wangu hapa Tanga

Kama una laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 4, usikubali mtu akwambie Stockfish, injini (yaani programu) ya kucheza na kuchambua chesi, siyo saizi yako. Naitumia hapa Ngamiani kuchambua mechi za vijana ninaowafundisha chesi jioni, na kwa kazi hiyo sijaona programu ya bure inayoifikia. Ila inataka kupangiwa.

Anza na faili unalopakua, kwa sababu yapo kadhaa kulingana na prosesa. Tangu toleo la 12 la mwaka 2020, injini hii inapima hali ya ubao kwa mtandao wa neva unaoitwa NNUE, ambao Yu Nasu aliubuni kwa ajili ya shogi, mchezo wa Wajapani unaofanana na chesi. Hesabu zake ni namba ndogondogo nyingi mno, na prosesa yenye AVX2, yaani seti ya amri za ziada za prosesa, huzipiga kwa mafungu badala ya moja moja. Intel iliileta AVX2 mwaka 2013, kwa hiyo Core i3 na i5 nyingi za mtumba zinayo. Fungua programu, andika bench, usome mstari wa mwisho, Nodes/second. Kwangu faili la AVX2 lilikaribia mara mbili ya lile la kawaida. Faili ni zito kwa bando. Apakue mmoja, wengine mpeane kwa flash.

Sasa memori, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Injini ikishachambua hali fulani ya ubao, inaihifadhi kwenye jedwali ili ikiikuta tena kwa njia nyingine isirudie kazi. Kila hali hupewa namba ya biti 64 kwa mbinu ya Zobrist ya mwaka 1970. Ukubwa wa jedwali unaupanga kwenye "Hash", na isipoguswa huwa MB 16. Hizo zinabeba taarifa milioni moja na nusu hivi, na zinajaa upesi sana. Mimi naweka MB 256, zinabeba zaidi ya milioni 25. Angalia neno hashfull wakati injini inafikiri: likikaribia 1000, jedwali limejaa.

Lakini kuna vijana wanaweka MB 3000 kwenye mashine ya GB 4 kwa kudhani ndiyo kasi. Windows yenyewe inataka nafasi yake, kivinjari nacho kimefunguliwa. RAM ikiisha, kompyuta inaanza kuhamishia data kwenye diski. Hapo injini inasubiri diski badala ya kufikiri, na laptop yote inaganda.

"Threads", yaani idadi ya kazi inazofanya kwa wakati mmoja, naiweka 2 kwa prosesa yangu ya kori mbili. Kwa joto la Tanga, ukiikamua zaidi feni inalia na prosesa inajipunguzia kasi yenyewe. MultiPV, yaani idadi ya njia bora inazoonyesha, iache 1, isipokuwa unataka kumwonyesha mwanafunzi njia mbili au tatu. Majedwali ya Syzygy, yenye majibu kamili ya mwisho wa mechi kete zikibaki chache, ya kete 3 hadi 5 hayafiki GB 1, yanafaa. Ya kete 6 ni kama GB 150, achana nayo.

Kasoro? Haina ubao wake, lazima uiunganishe na programu kama Arena, na mpangilio wote ni wa Kiingereza. Kwa anayeanza hilo linakatisha tamaa kweli.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba msimbo wake uko wazi chini ya leseni huria ya GPL 3. Kijana anayetaka kuandika injini yake afungue faili la tt.cpp, lenye msimbo wa jedwali lile la Hash. Atakuta taarifa nzima ya hali moja imebanwa kwenye baiti 10, zikiwemo hatua yenyewe biti 16, alama biti 16, kina cha utafutaji biti 8 tu. Tatu zinapangwa kwenye fungu la baiti 32, na mafungu mawili yanatosha kabisa kwenye baiti 64 ambazo prosesa huvuta kwa mkupuo mmoja. Vijana wangu wawili wameshaanza kuandika jedwali lao kwa kuusoma msimbo huo, na nawasimamia kwa laptop hii hii.