Elipsometa yenye meza ya joto: uzoefu wangu na tando za polistireni

Anayetafuta joto ambalo plastiki nene hulainika asihangaike na elipsometa, kalorimeta (kipimo cha joto ambalo sampuli inafyonza) itamtosha. Sisi tunapima tando nyembamba za plastiki, na hapo kalorimeta inagota: inataka miligramu kadhaa, wakati utando wa nanomita 50 wenye ukubwa wa sentimita moja ya mraba una kama mikrogramu 5 tu.

Elipsometa haijali uzito. Inapiga mwanga kwa mshazari juu ya utando uliolala kwenye silikoni, inasoma jinsi mwanga ulivyobadilika ukidunda, kisha inakokotoa unene. Joto likipanda, utando unavimba polepole. Ukishalainika unavimba kwa kasi zaidi. Pale mstari wa grafu unapopinda ndipo penye jibu, yaani joto la kulainika. Kwa polistireni nene ni karibu nyuzi 100 za Selisiasi, na mashine yetu ilipapata bila shida.

Kasoro kubwa ni kipimajoto. Kimefukiwa ndani ya bamba la meza ya joto, mbali na utando, kwa hiyo kinasoma joto la chuma. Niliweka kipande cha indiamu, metali ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 156.6, na skrini ilikuwa imeshapita hapo kwa digrii kadhaa ndipo kikayeyuka. Sasa kila sampuli naipima ikiwa inapoa, digrii moja au mbili kwa dakika, baada ya kuioka kwenye ombwe juu ya joto lake la kulainika ili toluini iliyobaki, yaani kiyeyushi cha kutengenezea utando, itoke. Toluini ikibaki, utando hulainika mapema na utasifia ugunduzi ambao haupo.

Programu yake nayo ina kiburi. Kwenye utando wa nanomita 15 mpindo umetawanyika, lakini yenyewe inakupa jibu lenye desimali mbili! Mistari nachora mwenyewe.

Nikishasahihisha joto, tando nyembamba zinalainika chini ya nyuzi 100, kama watafiti Keddie, Jones na Cory walivyoripoti mwaka 1994. PMMA, plastiki ya akriliki, juu ya oksidi ya silikoni ilifanya kinyume, joto lake la kulainika likapanda. Hilo nalo waliliona, na juu ya dhahabu kwao lilishuka. Kwa hiyo ukinunua, agiza na vipande vilivyopakwa dhahabu, na mpira wa kupitishia gesi ya nitrojeni tafuta wako. Ule tuliopewa na wauzaji ulipasuka mapema.