Vipindi vitatu na mwalimu wa kona, Brands Hatch

Gari langu ni Ford Fiesta ST ya 2014, gia za mkono, linavuta mbele. Nimeshika usukani miaka kumi na mbili, Dar kisha huku Uingereza, na foleni ya Ubungo ilinidanganya kwamba mimi dereva. Nikakodi mwalimu kwa vipindi vitatu vya dakika 20 pale Brands Hatch, uwanja wa mbio za magari, kwenye mzunguko wake mfupi wa Indy usiofika hata kilomita 2. Bei yake sawa na tairi mbili mpya.

Paddock Hill ni kona ya kulia inayoporomoka bondeni. Niliingia na mwendo mwingi, pua ikagoma, gari likawa linajiendea nje. Nikazidi kukata usukani. Mwalimu, mzee wa watu, sauti ya chini kabisa: "Rudisha usukani." Nilidhani hanitakii mema! Kumbe tairi za mbele zina kazi mbili, kuvuta na kugeuza, na nilishazidai kuliko uwezo wake. Nikarudisha kidogo, nikalegeza mafuta, pua ikashika lami.

Druids, ile kona kali ya juu kilimani, ugonjwa wangu ulikuwa haraka. Nakanyaga mafuta mapema, tairi la ndani linazunguka bure. Akawa ananyanyua kiganja mbele ya dashibodi: ngoja. Kikishuka tu, nakanyaga, na usukani tayari unanyooka. Niliposhuka hadi kona ya Graham Hill nikashtuka katikati yake, nikaachia mafuta yote. Uzito ukakimbilia mbele, nyuma ikawa nyepesi, mkia ukachomoka. Mguu ukaenda kwenye breki. "Mafuta!" Nikakanyaga, gari likajivuta likanyooka. Moyo ulichelewa kufika.

Sasa lawama. Vile viganja vilitokana na shida: kifaa cha kuongelea ndani ya helmeti kilikufa kipindi cha pili, na ofisi yao haikurudisha hata senti. Pia hakuna aliyenionya nisivute breki ya mkono nikirudi na breki za moto. Nilinong'onezwa na jirani wa maegesho niache gari kwenye gia. Na tairi la mbele kushoto limeliwa bega, maana kona nyingi pale ni za kulia.

Nyota nne. Mwalimu nitamwita tena, ila kifaa cha kuongelea nitakwenda nacho changu.