Kiolezo cha ripoti kwenye Microsoft Project: nilivyohangaika nacho hapa Mbeya

Kwa muda mrefu ripoti ya mwezi nilikuwa naiunga kwa mkono. Ratiba ipo Microsoft Project, programu ya kupangia miradi, nakopi tarehe na asilimia, nabandika Eksel, narembaremba, natuma. Ofisi yetu ipo ghorofani, jirani na soko la Mwanjelwa, na ikifika tarehe 28 mlinzi anajua taa yangu haizimwi mapema. Umeme ukikatika siku hiyo, ndiyo basi tena.

Tulipopata kazi ya kulaza mabomba ya maji vijijini kule Rungwe nikasema safari hii nitumie ripoti inayokuja na programu yenyewe. Ikatoka nzuri, asilimia kubwa juu, grafu ya buluu chini. Mhandisi wa upande wa mteja akanipigia: "Dada, mbona vijiji sivioni humu?" Alikuwa na haki. Mimi nilimpangia kuchimba, kulaza, kufukia. Yeye akienda kikaoni diwani anamuuliza kijiji chake kimefikia wapi.

Ndipo nikaingia kwenye menyu ya Report kutengeneza ya kwangu. Tangu toleo la 2013 unaweza kuanza na ukurasa mweupe, ukaweka grafu, majedwali na nembo ya kampuni. Nembo na rangi ni suala la dakika kumi, na ndizo bosi atakazosifia. Kazi yenyewe iko kwingine.

Programu inakupa fildi tupu za maandishi 30, kuanzia Text1 hadi Text30, na unaruhusiwa kuzipa majina. Text1 nikaiita "Kijiji", nikaijaza kwenye kila kazi (jioni nzima na chupa ya chai), halafu nikaunda kundi linalopanga jedwali kwa fildi hiyo. Ripoti ikaanza kuzungumza lugha ya mteja.

Kisha mwaka wa fedha. Usipogusa kitu, programu inahesabu mwaka kuanzia Januari, wakati wa kwetu serikalini unaanza Julai 1. Bila kurekebisha, robo ya kwanza yako ni ya tatu kwa mwenzako, mtabishana bure. Inabadilishwa kwenye Options, sehemu ya Schedule. Hapo hapo kwenye Options, sehemu ya Display, nikaweka shilingi na kuondoa desimali. Senti za nini kwenye mradi wa mamilioni? Zile sifuri mbili za mwisho zilikuwa zinanisukumia kolamu nje ya karatasi. Karatasi nayo hakikisha ni A4.

Grafu ilinitoa jasho kidogo. Niliiacha ibebe kazi zote, zaidi ya mia, ikatoka kama kitana. Dawa ipo kwenye kidirisha cha pembeni ukibofya grafu: Outline Level, yaani ngazi za kazi, kubwa hadi ndogondogo. Nikachagua ngazi ya pili, zikabaki nguzo chache zinazosomeka. Na kama unataka kuonyesha kazi imechelewa kiasi gani, uwe umehifadhi baseline, yaani nakala ya mpango wa awali, kabla kazi haijaanza. La sivyo programu haina cha kulinganisha nacho, hata kiolezo kiwe kizuri vipi.

Sasa, lililoniuma. Tukapata kazi ya pili, Mbozi. Nafungua faili jipya kwa mbwembwe, natafuta ripoti yangu: haipo. Nikadhani nimeifuta. Kumbe ripoti unayotengeneza inakaa ndani ya faili ulilotengenezea. Ili uipate kwenye miradi yako mingine inabidi ufungue Organizer, iko kwenye File, ukurasa wa Info, uikopi kwenda Global.mpt, faili la pamoja linalotumika na miradi yako yote. Nikaikopi, ikaja. Lakini kolamu ya kijiji ikaja na jina la Text1, maana nilikopi ripoti nikaacha fildi. Humo humo kwenye Organizer kuna kichupo cha Fields na kingine cha Groups. Vyote vitatu visafiri pamoja. Siku nzima ilipotea kwa sababu sikusoma vichupo vya juu.

Kwa ofisi yenye mradi mmoja mdogo sioni haja, Eksel inatosha. Sisi wenye faili matatu manne na mteja anayetaka sura ileile kila mwezi, inalipa. Ripoti ya mwezi uliopita ilinichukua chini ya saa moja, na nyingi ya hiyo ilikuwa kusubiri msimamizi wa saiti anitumie asilimia zake kwa WhatsApp. Naituma kwa PDF kwa sababu mteja hana programu hii.

Mhandisi alipiga tena simu. Safari hii hakuuliza kuhusu ripoti: "Dada, hiki kijiji cha tatu, mbona mtaro uko wazi wiki ya pili?" Nikamwambia Tukuyu, kulekule Rungwe, mvua haijaacha kunyesha tangu Jumatatu.