Ngiri ya kinena: mkato wa kawaida au roboti?

Mjomba wangu hupakia matoke sokoni Mbale. Kila akijitwika mkungu, hubana kinena kwa kiganja ili uvimbe wa ngiri, yaani utumbo unaopenya ukuta wa tumbo, usichomoze. Ameniuliza ni upasuaji upi umfaao.

Ule wa kawaida ni ganzi ya sehemu, mkato mmoja kinenani, utumbo unarudishwa ndani na wavu unashonwa kuimarisha ukuta wa tumbo. Wavu wenyewe si lazima uwe wa bei kali. Utafiti uliofanywa hapahapa mashariki mwa Uganda na kuchapishwa 2016 ulihusisha wanaume 302: kitambaa cha chandarua, kilichotakaswa hospitalini, kilifanya kazi sawa na wavu ghali wa kiwandani. Hunipa fahari kila nikilitaja hilo.

Kwa roboti, daktari huketi kando akiongoza vyuma kupitia matundu madogo matatu, tumbo limejazwa gesi, na mgonjwa amepigwa nusukaputi. Makovu ni madogo, kweli. Lakini jaribio la Marekani la 2020 lililoilinganisha na upasuaji wa matundu usio na roboti lilikuta muda mrefu zaidi, gharama kubwa zaidi, maumivu yaleyale.

Nimemwambia mjomba achague mkato, tena mapema, kabla utumbo haujanaswa kwenye tundu hilo la ukuta na kushindwa kurudi ndani.