Gaia DR3 kwa nyota kongwe: chukua mwangaza na rangi, umri utafute kwingine

Anayepima umri wa nyota kongwe, zile zenye metali chache mno (elementi nzito kuliko heliamu), hatapata huduma ya bure inayoishinda hifadhidata ya Gaia, setilaiti ya ESA, shirika la anga la Ulaya. Toleo la tatu (DR3), lililofunguliwa 13 Juni 2022, lina vyanzo vya mwanga takriban bilioni 1.8. Unauliza kwa ADQL, lugha ya kuulizia hifadhidata za anga, na aliyezoea SQL hatatoka jasho. Majibu ya papo kwa papo hukatwa kwenye mistari 2,000, hivyo fungua akaunti. Nayo ni bure.

Ijaribu kwa HD 140283, iliyo katika kundi la Mizani. Chuma chake, ukilinganisha na cha Jua, ni kama sehemu moja kwa 250. Mtego wa kwanza ni mahali ilipo. Nyota hii hukimbia angani zaidi ya sekunde 1.1 ya tao kwa mwaka, na Gaia huorodhesha mahali pa mwaka 2016. Ukiingiza viwianishi vya mwaka 2000 na duara la sekunde 5, hupati kitu: imeshahama sekunde 18 hivi. Panua duara hadi 30, kisha chagua yenye paralaksi kubwa (kuyumba kwa nyota angani Dunia inapozunguka Jua; ikiwa kubwa, nyota iko karibu).

Utakuta paralaksi ya milisekunde 16.27 za tao, kosa lake likiwa chini ya 0.03. Mwangaza halisi ni m + 5 log(paralaksi) − 10, m ikiwa mwangaza unaoonekana; namba ikiwa kubwa, nyota imefifia zaidi. Ukitumia V (m ya kichujio cha kijani-njano) ya 7.205 unapata 3.26. Weka sasa 17.15, paralaksi ya darubini ya Hubble iliyochapishwa 2013: unapata 3.38. Tofauti ni 0.12 tu, lakini nyota hii imeanza kuvimba, na katika hatua hiyo iliyofifia zaidi ndiyo iliyozeeka zaidi. Kosa la 0.1 huhamisha umri kwa karibu miaka bilioni moja. Makadirio ya 2013 yalikuwa bilioni 14.5, kosa 0.8, ilhali ulimwengu una bilioni 13.8. Hesabu za karibuni huipa bilioni 12 hivi. Umbali si sababu pekee. Ukiongeza oksijeni kwenye modeli, umri hushuka.

Kwa nyota za mbali, usisahau kusahihisha sifuri ya paralaksi, yaani kosa dogo linaloziathiri zote. Paralaksi za Gaia zimepungua kwa wastani wa milisekunde 0.017. Kwa HD 140283 hilo ni kama asilimia 0.1, halina uzito. Kwa nyota yenye paralaksi ya 0.1, umbali hukosewa kwa asilimia 17 na mwangaza kwa 0.34, na mzee anaonekana kijana.

Rangi ya BP na RP (vipimo vya Gaia vya mwanga wa bluu na mwekundu) ni bora mno, mradi uangalie safu mbili. Safu ya ruwe, inayoonyesha jinsi vipimo vinavyolingana na nyota moja pekee, ikizidi 1.4, shuku kwamba nyota ina mwenzake. Safu ya phot_bp_rp_excess_factor ikipanda kuliko kawaida ya rangi hiyo, mwanga wa jirani umeingia. Vumbi ondoa mwenyewe kwa kutumia ramani: hufanya nyota ionekane nyekundu na baridi, ukaipa umri usio wake.

Pa kuonya kwa nguvu ni safu za mh_gspphot (metali) na age_flame (umri). Ya kwanza ina upotofu wa kimfumo, na walioitengeneza wenyewe wanashauri isitumiwe kabla ya kurekebishwa. Ya pili ilikokotolewa kwa modeli zenye metali za kiwango cha Jua. Nyota yenye chuma sehemu moja kwa 250 haina nafasi humo. Metali zipate kwenye spektra za kina, au picha za kichujio chembamba cha mistari ya kalsiamu, kama ile ya mradi wa Pristine huko Hawaii.

Kisha linganisha na isokroni (mistari ya modeli ya nyota zenye umri mmoja) zenye oksijeni uliyoipima. Anza na nyota zilizoanza kuvimba kama hii. Vibete vidogo na majitu mekundu yaache: mistari ya isokroni ya bilioni 10 na ya 13 karibu hulaliana hapo, na hata paralaksi safi haitazitenganisha.