Kabla hujanunua albamu ya zamani, uliza wimbo unaishia wapi

Mwezi uliopita nilitoa shilingi 120,000 kununua santuri. Moja. Mkusanyiko wa dansi la miaka ya 70, umechapwa upya huko Ulaya, kava zito, picha za wanamuziki wamevaa bugaluu na raizoni. Niliibeba mapajani kwenye daladala kama mtoto mchanga.

Jumapili nikamwita mjomba wangu, maana hizi nyimbo yeye alizicheza ukumbini, siyo kuhadithiwa. Ukaanza wimbo anaoupenda. Waimbaji wakamaliza beti zao, kiitikio kikapita mara mbili, gitaa la solo likaanza kujitenga na la ridhimu, tarumbeta zikaingia. Mjomba akasimama, akapandisha suruali. Hapo hapo sauti ikaanza kufifia, ikafifia, kimya.

"Geuza," akaniambia.

"Mjomba, upande wa pili zipo nyimbo nyingine."

"Sasa wimbo umekwenda wapi?"

Akabaki amesimama katikati ya sebule, akaumalizia mwenyewe kwa mdomo: solo kwanza, halafu besi, halafu tarumbeta kwa mashavu. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kuna nini.

Tangu siku hiyo sinunui albamu bila kuuliza kitu kimoja tu, wimbo ni mzima au nusu. Uzito wa santuri, uzuri wa kava, spika gani uwe nazo, hayo watakueleza wengine. Hili hakuna anayekueleza, na muuzaji ndiyo kabisa.

Kisa chenyewe kiko hivi. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika nne au tano kila upande ukitaka sauti iwe na nguvu. Ukilazimisha zaidi, mifereji inabanana, besi inanywea. Wimbo wa dansi ulikwenda dakika nane, tisa, hata kumi. Kwa hiyo ukakatwa vipande viwili: Sehemu ya Kwanza upande wa A, Sehemu ya Pili upande wa B. Kwa kawaida maneno yalikaa A, na chemko, yaani pale magitaa yanapoachiwa na watu wanasahau viatu, likaangukia B. Wazee waligeuza santuri mbio mbio wakarudi kucheza. Leo mtu anakusanya nyimbo kumi na tano kwenye albamu moja, nafasi haimtoshi, anachukua A na kuiacha B. Amekuuzia salamu, mazungumzo kabaki nayo.

Kukagua si kazi. Geuza kava utazame dakika. Wimbo wa dansi wa mwishoni mwa miaka ya 70 ukiwa na dakika nne na sekunde kadhaa, shtuka. Kisha utafute mtandaoni, usikilize sekunde ishirini za mwisho tu. Bendi ikifunga wimbo pamoja, sawa. Ukisikia mtu anapunguza sauti wakati gitaa ndiyo kwanza linapamba moto, rudisha pesa mfukoni. Na pale palipoandikwa sehemu ya 1, itafute ya 2 iko wapi. Pia sikiliza katikati, kwani kuna waliounganisha vipande viwili vibaya mpaka ngoma inaruka pigo, mguu wako unabaki hewani.

Sasa nilizonunua mwaka huu, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni mfululizo wa Zanzibara wa lebo ya Buda Musique ya Ufaransa, unaosimamiwa na Werner Graebner. Napendelea, na sifichi. Ulianza mwaka 2005 na klabu ya Ikhwani Safaa, iliyokuwa inatimiza miaka 100, na kila toleo lina mada yake. Ukiwa na pesa ya CD moja tu, chukua namba 7, Sikinde (ndiyo Mlimani Park) dhidi ya Ndekule. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alipoondoka Mlimani Park katikati ya miaka ya 80 akaenda kuijenga Ndekule pale Orchestra Safari Sound, mji uligawanyika kama Simba na Yanga, na hapa umewekewa pande zote mbili kwenye diski moja. Bendi za Dar zilirekodi Radio Tanzania kwenye utepe, na utepe hauna upande B wa kukusumbua: bendi inapiga mpaka inaridhika, inaachia vyombo. Namba 5, ya mwaka 1978 hadi 1983, inafuata kwa karibu sana. Mimi mtu wa Tanga nitaongeza namba 10, taarab ya Mombasa na Tanga ya mwaka 1970 hadi 1990. Watu wamezoea kudhani taarab ni Unguja tu. Wasikilize Black Star na Lucky Star, vikundi vya Tanga, gitaa la umeme na besi juu ya mashairi, ndipo wajue taarab ya kisasa ilipikwa wapi. Taarab ikikatwa ni aibu kubwa kuliko dansi, kwa sababu mpasho huwa unakaa ubeti wa mwisho. Ukiukata, aliyetukanwa anakwenda zake salama.

Ya pili, Francophonic ya Franco wa Kongo na bendi yake TPOK Jazz, lebo ya Sterns ya London, matoleo mawili yaliyotoka 2008 na 2009, kila moja CD mbili. Franco wa miaka ya 80 alikuwa na wimbo unaokwenda robo saa, analalamika taratibu kama jirani aliyekukamata mlangoni, halafu magitaa yanakuja kukuokoa. Huyo ukimkata umemuua mara ya pili baada ya ile ya Oktoba 1989. Kwenye toleo la pili wamekubali kuweka nyimbo chache ili ziwe ndefu, na hiyo ndiyo heshima. Kilingala sikijui hata nusu, lakini nimesikiliza CD zote nne mpaka mwanangu anaitikia.

Ya tatu ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, Real World, 1989. Dokta Remmy alirekodi Uingereza kwenye studio ya kisasa, kila gitaa unalisikia lilipokaa. Hakukuwa na santuri ndogo ya kumgawa, kwa hiyo nyimbo zimetulia. Ila wazee waliomwona Sinza watakwambia ukumbini aliuvuta wimbo mmoja mpaka bia inapata joto, na studio haikumpa nafasi hiyo. Hapo siwezi kuwabishia.

Lebo hiyo hiyo ina En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada, 1993. Nyatiti, nyuzi nane, sauti moja ya Kijaluo, basi. Hii nimeiweka ya nne kwa sababu si ya kucheza, ni ya saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha. Kasoro ya kukatwa haiigusi.

Ya tano itawakera wazee: Sounds of Sisso, singeli ya Mburahati, ilitolewa 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kasi yake inapita mapigo 200 kwa dakika. Singeli haikatwi, imefika mwisho kabla hujachukua mkasi. Nilimwekea mjomba, akasikiliza nusu dakika akauliza kama mashine imeharibika.

Za bei ndogo? Kijana wa kona atakujazia flashi nyimbo mia tano kwa pesa ya soda, na nusu yake majina si yenyewe. Mtandaoni utapata karibu zote hizi bure, nzuri kwa kukagua kama nilivyosema. Tuendelee.

Kinachoniuma ni bei. Sauti zilirekodiwa Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, hapa hapa Dar, na waimbaji wengine walizikwa kwa michango. Leo nataka kumsikia Gurumo, inabidi niagize Ufaransa, nilipe nauli inayozidi bei ya CD yenyewe, kisha nisimame dirishani nimweleze mtu wa ushuru kwa nini kisahani cha plastiki kina thamani. "Hizi si za zamani?" ananiuliza. Za zamani, ndiyo. "Sasa mbona ghali?" Nikakosa la kumjibu nikalipa. Na vijitabu vingi vya ndani ni Kiingereza na Kifaransa. Mashairi ya Kiswahili, yaliyotungwa na Waswahili, nafafanuliwa kwa Kifaransa.

Wauzaji wa mitumba ya santuri nao wameamka. Miaka kumi iliyopita santuri ndogo zilikuwa zinawekewa vyungu vya maua. Sasa ukiiokota moja tu na kuitazama mara mbili, bei imeshapanda kabla hujauliza. Mikwaruzo wanaiita "sauti ya kizamani".

Nimepata tangazo la ile santuri ndogo yenye wimbo wa mjomba, chapa ya Nairobi, muuzaji yuko Ujerumani. Picha ameweka upande wa A peke yake. Nimemwandikia anipigie picha upande wa pili, na kama hana shida auweke kwenye mashine anirekodie sekunde ishirini za mwisho. Wiki ya pili hii, hajajibu.