Vichujio Vinne vya Hewa kwa Kawasaki Z1

Pikipiki ya Kawasaki Z1, iliyoingia sokoni mwaka 1972 ikiwa na injini ya cc 903 na kabureta nne (vifaa vinavyochanganya hewa na petroli) za Mikuni za milimita 28, huvuta hewa kupitia boksi moja lililo nyuma ya kabureta, na kulirudisha boksi hilo mahali pake ni kazi inayotesa vidole, hasa mipira inayoliunganisha na kabureta inapokuwa imekakamaa. Ndiyo maana wengi huvutiwa na vichujio vidogo vya pamba yenye mafuta, ambavyo kila kimoja hubanwa kwa klipu kwenye mdomo wa kabureta yake.

Seti niliyoifunga ina pamba safi inayofulika, lakini ukingo wa ndani wa mpira ni mnene mno: ukisukumwa hadi mwisho huziba vitundu vya hewa vilivyo mdomoni mwa kabureta, na injini hukataa kunguruma polepole bila kuongezewa petroli. Ilinibidi niupunguze kwa wembe, kidogo kidogo, hadi vitundu vyote vikaonekana. Karatasi ya maelezo inadai kwamba hakuna marekebisho yanayohitajika, dai ambalo silikubali hata kidogo, kwa kuwa hewa ikizidi petroli hupungua katika mchanganyiko, plagi hutoka nyeupe na injini huchemka; jeti kuu (kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta) kubwa zaidi ni lazima, na mara nyingi sindano ya kabureta nayo ipandishwe ili petroli iongezeke.

Kwa anayeendesha kila siku, ningeshauri boksi la asili na mipira mipya. Seti hii inamfaa mwenye jeti za akiba na subira ya kusoma rangi ya plagi.